Mazingatio ya Qurani na Yoga ya Wahindu

  

Mtu wa Pwani apandaye mlima wa Kitonga kwenda Iringa, kisha akaendelea mpaka Mbeya, hukuta Waislamu wachache kati ya watu wengi wa dini nyingine. Uislamu ulifika nchi hizo za baridi nyuma ya misafara ya biashara, kisha pamoja na askari na wachuuzi waliokaa kandokando ya maboma ya Wadachi. Na mji wa Mbeya ulikua katika miaka ya 1920 na 1930 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa. Wahindi nao walifika kwa njia ile ile ya kuuza na kununua: Ismailia, Ithnaasharia, Masingasinga, na Wahindu ambao watu wa Pwani huwaita Mabaniani. Basi duka la Mwislamu likawa ubavuni mwa duka la Mhindu, na jirani akaijua desturi ya jirani yake. Mmoja huketi na msahafu baada ya sala ya Subhi. Wa pili hukunja miguu, akafumba macho, akaiangalia pumzi yake iingiavyo na itokavyo. Kwa mtazamaji aliye mlangoni, wawili hawa wamefanana sana: wote wameketi, wote wamenyamaza, wote wamefunga mlango wa dunia kwa saa hiyo. Je! Jambo lao ni moja?

Wako wajibuo kwa haraka kwamba ni moja, kuwa kila mtu amtafuta Mungu kwa njia yake, na kutofautisha ni ugomvi wa walimu tu. Wako wajibuo kwa haraka vile vile kwamba yoga yote, kuanzia kunyoosha mgongo mpaka mwisho wake, ni ukafiri, wala haifai hata kuulizwa ni kitu gani. Majawabu haya mawili yana aila moja: yametolewa kabla ya kutazamwa jambo lenyewe. Wanavyuoni wa zamani hawakwenda hivyo. Abu Raihan al-Biruni, aliyezaliwa Khawarizmi mwaka 973, alifuatana na dola ya Sultani Mahmud wa Ghazna mpaka Bara Hindi, akajifunza Kisanskriti, na yapata mwaka 1030 akaandika kitabu chake kikubwa juu ya dini na elimu za Wahindi. Tena alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali, akakipanga kwa njia ya maswali ya mwanafunzi na majibu ya mwalimu. Hakuwa Mhindu kwa kufanya hivyo, wala hakuficha alipoona wanakosea. Alitaka Mwislamu ajue anazungumza juu ya nini. Nakala ya tafsiri yake ilikutikana Istanbul, na ikapigwa chapa kwa uhakiki mwaka 1956.

Atazamaye kitabu hicho cha Patanjali kwanza hustaajabu, kwa sababu hakuti ndani yake mambo mengi ya kupinda viungo. Yoga kwake ni kutuliza mawimbi ya moyo na akili mpaka yakome. Njia yake ina daraja nane, na ya kwanza si kukaa bali ni adabu: kutodhuru kiumbe, kusema kweli, kutoiba, kuihifadhi tupu, kutokuwa na tamaa ya mali. Ya pili ni usafi, kutosheka, kuizoeza nafsi taabu, kusoma maandiko, na kujisalimisha kwa yule wamwitaye Bwana. Baada ya hayo ndipo kunakuja kikao, kisha kutawala pumzi, kisha kuzirudisha nyuma hisia za masikio na macho, kisha kuufunga moyo penye kitu kimoja, kisha kudumu hapo, na mwisho ni hali ambayo mwenye kutazama hujisahau katika akitazamacho. Tena kitabu kinaonya kwamba mambo ya ajabu yamtokeayo mtu njiani ni vizuizi kwake. Na mashekhe wa tarika nao huwaonya murid zao vivyo hivyo wasishughulike na karama.

Na liko jambo ambalo wengi wasemao kwamba yoga ni sauti tupu hawalijui. Patanjali anapotaja neno la om, haamrishi kulikariri tu. Anaamrisha likaririwe na maana yake izingatiwe. Neno hili litahitajiwa mbele.

Ama upande wa Uislamu, kuzingatia ni amri ya Qurani yenyewe wala si pambo la masufi. Katika Suratun Nisai aya ya 82 na Surat Muhammad aya ya 24, Mwenyezi Mungu anawalaumu wasioizingatia Qurani. Na katika Surat Sad aya ya 29 anaeleza kwamba Kitabu kimeteremshwa kwa ajili ya kuzingatiwa aya zake. Neno la Kiarabu ni tadaburi, na asili yake ni mgongo wa jambo na mwisho wake: kulifuata neno mpaka lilikofikia. Abu Dharr amesimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisimama usiku mmoja akiirudia aya moja tu mpaka kukapambazuka, nayo ni aya ya 118 ya Suratul Maida. Tamim ad-Dari naye, sahaba, amepokewa kuwa alikesha na aya moja ya Suratul Jathiya. Huku ni kukariri, na kukaa na kitu kimoja usiku kucha, na kuukusanya moyo usitawanyike. Mwenye yoga akisikia habari hii ataijua mara moja.

Imam al-Ghazali, aliyekuwa Shafii, amefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameliweka jambo hili wazi kuliko wote. Kitabu cha nane cha Ihya chahusu adabu za kusoma Qurani, na cha thelathini na tisa chahusu tafakuri. Katika kile cha nane anataja matendo kumi ya moyo wa msomaji. Anataka moyo uhudhurie. Anataka vizuizi viondolewe, na katika vizuizi hivyo anakitaja kimoja kiwachomacho walimu: mtu kushughulika na makhraji ya herufi mpaka akasahau kilichosemwa. Anataka msomaji ajihesabu kuwa yeye ndiye asemezwaye katika kila amri na kila kemeo. Na la kumi ni kwamba msomaji asijione. Apitapo penye sifa za wema asijiweke kati yao, na apitapo penye lawama za waovu ajione yumo.

Kwa kuwa mfanano huu upo, watu wengine wameshika hoja kwamba Waislamu waliiba kwa Wahindi. Hoja hii ina kweli kidogo na uongo mwingi. Kweli yake ni hii: Bara Hindi kilikuwako kitabu cha yoga kilichofasiriwa kwa Kiarabu kwa jina la Haudhul Hayat, na Sheikh Muhammad Ghauth wa Gwalior, aliyekufa mwaka 1563, akakieneza kwa Kifarsi pamoja na vikao vyake, na mwana wa mfalme, Dara Shikoh, aliyeuawa mwaka 1659, alifasiri Upanishadi za Wahindu kwa Kifarsi akidai kuwa bahari mbili zimekutana. Makhoja wa Ismailia, ambao jamatkhana yao ni katika majengo mashuhuri ya mji wa Iringa, wana ginani za kale zilizotungwa Bara Hindi, na humo mtajo wa yogi si mgeni. Lakini kutoka hapo kuruka mpaka kusema kwamba zikri ya Kadiria, iliyoenezwa na Sheikh Uwais wa Barawa (1847–1909) na wanafunzi wake Unguja, Bagamoyo na bara, imetoka kwa yogi kwa sababu tu wazikiri huvuta pumzi, huko ni kukata hukumu bila ya shahidi. Wanavyuoni wa Pwani wamekhitilafiana sana juu ya zikri ya kukohoa, wakitazama adabu yake na matamko yake, wala khitilafu hiyo haihitaji kuletewa Wahindi. Kila mwanadamu ana mapafu. Mwenye kuutuliza moyo wake, awe wa Barawa au wa Benares, ataikuta pumzi yake hapo hapo kifuani.

Na dalili ya jambo hilo iko Iringa kwenyewe. Juu ya mji kuna mwamba uitwao Gangilonga, na maana yake kwa Kihehe ni jiwe lisemalo. Husimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wadachi Lugalo mwaka 1891 na ambaye ngome yake ya Kalenga ilivunjwa mwaka 1894, alikuwa akipanda huko kukaa peke yake na kufikiri, na huko ndiko alikotambua kwamba maadui wanamjia. Mkwawa hakusoma Patanjali wala Ghazali. Kupanda mahali pa juu, kunyamaza na kusikiliza ni tabia ya mwanadamu, na Mtume mwenyewe alikuwa akienda katika pango la Hira kabla ya kuteremshiwa wahyi.

Lakini jina la mwamba huo lafungua mlango wa tofauti. Jiwe lisemalo halisemi. Akaaye juu yake husikia yaliyomo ndani ya nafsi yake mwenyewe, mema au mabaya, na pengine husikia kweli. Pangoni Hira jambo lilikuwa jingine: kimya kilikatwa. Alikuja msemaji, akaamrisha kusoma, na aliyekuwa amekaa alitoka akitetemeka akataka kufunikwa nguo. Kuanzia siku hiyo ukimya wa Mwislamu ni ukimya wa mtu anayesemezwa. Hapa ndipo njia zinapoachana, wala si penye miguu iliyokunjwa.

Patanjali anataka mawimbi ya moyo yakome, na mwisho wa njia yake ni roho kusimama peke yake, imeachana na maumbile yote. Bwana amtajaye ni roho bora isiyoguswa na taabu, mwalimu wa walimu wa kale. Hakumtaja kuwa muumba atakayewafufua watu awahesabu. Tadaburi yataka moyo utulie pia, ila yautuliza ili upate kutikiswa. Hudhaifa amesimulia, na habari hii imo katika Sahihi ya Muslim, kwamba alisali usiku pamoja na Mtume. Alipopita penye aya ya kumsabihi Mungu alisabihi, penye aya ya kuomba aliomba, penye aya ya kutaka himaya alitaka himaya. Imam an-Nawawi na wenziwe katika madhehebu ya Shafii wamelihesabu jambo hili kuwa ni suna kwa kila asalie, imamu na maamuma. Basi msomaji hujibu. Kusoma kwake ni mazungumzo, na mwenye kuzungumza hawezi kufanya moyo wake kuwa maji yasiyo na wimbi.

Tofauti hii yaonekana hata penye pumzi, ambapo watu hudhani ndipo mfanano ulipo mkubwa. Mwenye yoga huitawala pumzi kwa hesabu: avute kadiri hii, azuie kadiri hii, atoe kadiri hii. Msomaji wa Qurani naye huitawala pumzi, na mtoto wa chuo hufundishwa hivyo kabla hajabalighi, ila kitawalacho si hesabu bali ni maana. Mim ndogo juu ya mstari humwambia asimame hapa, asiunganishe. Lam-alif humwambia asisimame. Aya ya 4 ya Suratul Maun ina ole kwa wasalio, na ya 5 ndiyo ibainishayo ni wasalio wa namna gani. Mtu akiishia kwenye ya 4, akafunga msahafu akaondoka, ameigeuza Qurani ikawa yawalaani watu kwa kusali. Pumzi ya msomaji ni mtumishi wa neno. Ikimkatikia mahali pabaya hurudi nyuma akaanza tena.

Sasa hukumu. Yoga ya siku hizi si ile ya Patanjali peke yake. Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Desemba 2014, uliifanya tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga, na watu wengi huijua kwa mazoezi ya mwili. Nchi za Kiislamu hazikuafikiana. Baraza la fatwa la Malaysia liliikataza Waislamu Novemba 2008. Wanavyuoni wa Indonesia, Januari 2009, wakapambanua, wakakataza ile yenye ibada na matamko ya Kihindu na wakaachilia mazoezi matupu. Na Saudia Novemba 2017 ikairuhusu kuwa ni mchezo wa viungo. Upambanuzi wa Indonesia ndio ulio karibu zaidi na kanuni za madhehebu, na Mshafii anao mfano wake mkononi kila siku.

Mtume amekataza sala wakati jua lichomozapo na lizamapo, na katika hadithi ya Amr bin Abasa sababu imetajwa: nyakati hizo makafiri hulisujudia jua. Tazama basi! Sala ni ya Mungu mmoja, msali ni Mwislamu, kibla ni Makka, na juu ya hayo imezuiwa kwa ajili ya kufanana tu. Basi kile kikao kiitwacho maamkizi ya jua, ambacho mtu hulielekea jua lichomozapo akaliinamia huku akitamka maneno ya kulitukuza, hakina njia ya kuhalalika, hata afanyaye aseme kuwa ni kwa ajili ya mgongo. Lakini Mashafii hao hao wamesema kwamba sala yenye sababu yake, kama kulipa faradhi iliyompita mtu au maamkizi ya msikiti, yajuzu katika nyakati hizo, maadamu mtu hakuikusudia saa hiyo yenyewe kwa makusudi. Kufanana kulikotokea si kufanana kulikokusudiwa. Dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam mpaka Mbeya, mgongo umemkaza, akafundishwa kukunja miguu na kuvuta pumzi taratibu, bila ya om, bila ya sanamu, bila ya itikadi, huyo ana sababu yake. Haya si kiasi kilichokamilika shuruti zake. Ni mwanga wa kuonea njia. Na asiyeweza kuyatenganisha mazoezi na itikadi, kama kijana asiyejua akitamkacho, kwake kujizuia ndiko salama.

Lakini kukata hukumu juu ya jirani ni kazi nyepesi. Iliyo nzito ni kutazama msahafu unavyosomwa nyumbani.

Katika hitima nyingi za Pwani, na desturi hiyo imepanda mpaka Iringa na Mbeya, juzuu thelathini hugawiwa watu thelathini, na kabla wali haujaiva Qurani nzima imekwisha. Aliyepewa juzuu ya 12 humwacha Nabii Yusuf angali gerezani, akafunga juzuu yake akanawa mikono. Aliyepewa ya 13 ndiye amtoaye, naye hana habari ameingiaje. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeogopa, hakuna aliyeomba. Thawabu ya kusoma haikanushwi: Ibn Masud amepokea hadithi kwamba kila herufi ina jema moja, na jema hulipwa kwa kumi, na ukarimu huo wa Mungu haukushurutishwa ufahamu. Ni rehema kubwa kwa mzee asiyejua Kiarabu. Ila rehema aliyopewa asiyeweza haikuwekwa iwe godoro la awezaye. Abdallah bin Amr amepokea kwamba aisomaye Qurani yote chini ya siku tatu hakuifahamu. Na imepokewa kwa Ibn Abbas kuwa kusoma Baqara na Aali Imran kwa utulivu na mazingatio kwampendeza kuliko kuisoma Qurani nzima mbio mbio.

Basi hapa ndipo neno la Patanjali lililotajwa juu linaporudi. Mwislamu humcheka Mhindu kwamba akariri sauti asiyoijua, na kitabu cha Mhindu huyo chamwamrisha aizingatie maana. Na yule Mwislamu, ambaye Kitabu chake chamlaumu kwa jina la nyoyo zilizofungwa makufuli, ndiye asomaye sauti tupu.

Udhuru wa lugha ulikuwa na nguvu zamani. Mtoto wa Rungwe azaliwaye na Kinyakyusa, au wa Kalenga azaliwaye na Kihehe, alijifunza Kiswahili kwanza ndipo akaonyeshwa alifu na bee, na mwalimu wake aliyetoka Pwani pengine naye alihifadhi bila ya kufasiri. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa (1891–1947) aliandika kwa Kiswahili khasa ili kuukata udhuru huo, na Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Unguja (1912–1982) akakamilisha tafsiri yake ya Qurani yote, iliyotolewa mwaka 1969. Tafsiri hiyo leo imo katika makabati ya misikiti na nyumba nyingi. Mara nyingi ina vumbi.

Wala hapana haja ya kuutafuta wakati. Baada ya kusali Subhi, Mshafii amezuiwa sala za suna zisizo na sababu mpaka jua lipande kadiri ya mkuki. Mlango wa sala umefungwa na mlango wa kusoma umeachwa wazi, na Mtume amemsifu akaaye mahali pake akimtaja Mungu mpaka jua lichomoze kisha akasali rakaa mbili. Mwezi wa Julai jua la Mbeya hutoka karibu saa 1 ya asubuhi, nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa kadiri ya dakika 25, na baridi huwafanya watu wakimbilie makwao mara imamu atoapo salamu. Muda uliobakia watosha aya kumi: zisomwe kwa Kiarabu, zisomwe maana zake kwa Kiswahili, kisha zirudiwe kwa Kiarabu polepole, na penye kuombwa paombwe. Saa hiyo hiyo, upande wa pili wa ukuta, jirani naye amekwisha kuketi.